Hifadhi ya kila uzi: ishikwe na keneli au na programu yenyewe?

Kwenye mfumo endeshi mdogo tunaoujenga wenyewe, programu yetu ya kwanza yenye nyuzi (threads, mikondo ya kazi inayokwenda sambamba ndani ya programu moja) ilianguka kabla haijafika hata mstari wa kwanza wa main. Anwani iliyolalamikiwa ilikuwa 0x28. Tulikuwa wanne katika chumba kimoja Wandegeya, mlango wa pili kutoka kwa kijana anayekaanga rolex (chapati ya mayai), na kwa siku mbili tuliisaka hiyo 0x28 kama namba ya simu ya mtu aliyetukimbia na pesa. Tulipekua msimbo wote tulioandika. Hakuna mahali tulipoitaja.

Aliyeitaja ni kompaila, inayogeuza msimbo kuwa amri za chipu. GCC ya Ubuntu huwasha mlinzi wa staki bila kuombwa: kila funksheni inayohitaji ulinzi huchukua namba ya siri, huiweka kwenye staki (kumbukumbu ya muda ya funksheni), na kabla ya kurudi huangalia kama bado ipo. Kwenye x86-64, yaani chipu za Intel na AMD za biti 64, namba hiyo husomwa kutoka besi ya FS (anwani ya kuanzia inayotunzwa ndani ya chipu), baiti 40 mbele, na 40 kwa heksa ni 28. Mfumo endeshi wetu mdogo ulikuwa haujaweka chochote kwenye FS. Sifuri jumlisha 0x28, mnajua wenyewe.

Hapo ndipo tulipolazimika kuamua jambo tulilokuwa tukilikwepa miezi mizima: hifadhi ya kila uzi (thread-local storage) ishikwe na nani, keneli ambayo ni kiini cha mfumo endeshi au programu yenyewe, na iwekwe vipi. Tulijaribu njia zaidi ya moja, kwa hiyo nazilinganisha hapa kwa faida ya yeyote anayejenga mfumo wake, au anayeandika maktaba ya chini na anataka kujua kinachoendelea chini ya miguu yake. (Neno “uzi” tumekubaliana nalo baada ya ubishi. Kati yetu mmoja ni wa Arua, mmoja wa Bombo, mmoja kavuka mpaka kutoka Kisumu, na kila mmoja alikuja na Kiswahili chake.)

Kwanza shida yenyewe. Nyuzi za programu moja hula chungu kimoja: kumbukumbu ya mmoja ni ya wote. Mfano unaojulikana ni errno, pale C inapoandika sababu ya kushindwa. Enzi za uzi mmoja, errno ilikuwa kigeu (variable) kimoja cha programu nzima na hakuna aliyeumia. Weka nyuzi mbili: wa kwanza unajaribu kufungua faili, unakosa, na kabla haujasoma sababu, wa pili umeshaandika sababu yake juu ya ile. Ni kibanda cha mobile money chenye wahudumu wawili na kipande kimoja cha karatasi cha kuandikia salio. Dawa ni kwamba jina libaki moja, errno, lakini kila uzi unaolitaja upate ya kwake. GCC ina neno __thread kwa kazi hiyo, C ya 2011 ikaleta _Thread_local, na C23 imelifupisha kuwa thread_local.

Chini ya neno hilo kuna vitu viwili tu. Kuna kipande cha kumbukumbu kwa kila uzi, na kuna mahali kwenye chipu panapouambia uzi kipande chake kiko wapi. Kwenye x86-64 ya Linux mahali hapo ni besi ya FS. Windows ya biti 64 hutumia GS. ARM ya biti 64 ina rejista TPIDR_EL0. RISC-V imetenga rejista ya kawaida, x4, na kuiita tp. Maswali yote yanayofuata ni kuhusu nani anatenga kipande na nani anaandika anwani yake.

Keneli itenge, au maktaba?

Sisi tulianza na keneli, na sioni aibu kusema ilitupendeza. Faili ya ELF (muundo wa faili za programu, kama wa Linux) yenye vigeu vya uzi hubeba sehemu iitwayo PT_TLS: humo mna thamani za kuanzia (.tdata), ukubwa wa eneo la sifuri (.tbss), na mpangilio unaotakiwa. Keneli yetu ilisoma sehemu hiyo ilipopakia programu, na kila uzi ulipozaliwa ikatenga kurasa, ikanakili .tdata, ikafuta sehemu iliyobaki, ikaandika besi. Uzi ukaamka kila kitu kiko tayari. Hata programu iliyoandikwa kwa asembli tupu, isiyo na maktaba yoyote, ilifanya kazi. 0x28 ikaacha kutusumbua.

Raha hiyo ilidumu mpaka tulipoleta maktaba za pamoja. Kila maktaba inaweza kuwa na PT_TLS yake, na anayezijua zote ni linka, inayounganisha maktaba na programu ikiwa upande wa mtumiaji, yaani nje ya keneli. Ama tuifundishe keneli kuunganisha maktaba, jambo ambalo hakuna mwenye akili timamu angelitaka, ama linka iwe inaipigia keneli hodi kila inapogundua kipande kipya. Tukajaribu hodi. Ndipo likaja swali la nyuzi zilizokwisha zaliwa: maktaba ikipakiwa katikati ya safari, nani anazitengea kipande kipya? Keneli, kwa kuwa ndiyo mtenga. Na uzi ukifa huku una faili wazi za kufunga na kumbukumbu za kuachia? Keneli haiwezi kuita funksheni za usafishaji za programu; ni lazima zikimbie upande wa mtumiaji kabla ya uzi kufa. Kila swali lilizidi kuingiza ndani ya keneli mambo ambayo hayakuwa yake.

Kuna na jambo la mpangilio. Kwenye x86-64 vigeu hukaa chini ya anwani iliyomo kwenye FS, kwa namba hasi, na neno la kwanza pale FS inapoelekeza lazima liwe na anwani yake lenyewe, kwa sababu mtumiaji akitaka anwani kamili ya kigeu, kompaila husoma FS kwenye sifuri kisha kujumlisha. Kwenye ARM ya biti 64 ni kinyume: rejista inaelekeza kwenye kichwa cha baiti 16, vigeu vinafuata juu yake. RISC-V haina kichwa hicho, tp inaelekeza moja kwa moja mwanzo wa vigeu. Haya ni makubaliano kati ya kompaila na linka. Ukiyakosea ndani ya maktaba, programu moja inakufa. Ukiyakosea ndani ya keneli, mashine nzima inalala, na wewe unarudi kungoja iwake upya.

Njia ya pili ni ile Linux iliyochagua. Keneli haijui chochote kuhusu vigeu vya uzi. Inapewa namba moja, inaitunza, na kila zamu ya uzi inapofika inairudisha kwenye rejista. Uzi mpya unapoombwa kwa clone, bendera CLONE_SETTLS hubeba namba hiyo. Uzi wa kwanza kabisa hujiwekea kwa wito arch_prctl. Kutenga, kunakili, kupanga, kusafisha, vyote ni vya maktaba ya C.

Udhaifu wake ni ule tuliouonja mwanzoni. Kati ya programu kuanza na maktaba kuweka besi kuna kipande kidogo cha msimbo kisichokuwa na haki ya kugusa kigeu cha uzi wala kuwa na mlinzi wa staki. Faili hizo chache zikusanywe na -fno-stack-protector, yaani bila mlinzi huyo, tena aandike mtu mmoja mwangalifu. Na lugha isiyotumia maktaba ya C lazima ifanye kazi hiyo yenyewe, kama Go inavyofanya kwenye Linux ya x86-64.

Windows iko katikati. Keneli humtengenezea kila uzi kipande chake cha kumbukumbu, GS huelekeza hapo, na ndani yake mna nafasi 64 za moja kwa moja. Pamoja na za ziada, programu inapata 1,088. Lakini kunakili thamani za kuanzia za kila maktaba bado ni kazi ya kipakiaji kilichoko upande wa mtumiaji. Kwa maneno mengine, hata aliyeipa keneli kazi zaidi hakuipa yote.

Tulihamia njia ya pili, na tulifuta mistari ya keneli kwa furaha ambayo sijawahi kuipata nikiandika mistari. Ningebaki na ya kwanza kwa hali moja tu: kifaa kinachoendesha programu moja iliyounganishwa tuli, bila maktaba za pamoja, siku zote za maisha yake. Mita ya maji, kwa mfano. Hapo kuandika maktaba nzima ni kubeba mwavuli ndani ya nyumba.

Namba ifike vipi kwenye rejista

Hili linahusu x86 zaidi, maana wengine wamelimaliza zamani. Kwenye RISC-V tp ni rejista kama nyingine, programu inaiandika itakavyo. Keneli iangalie tu isichanganye tp yake na ya mtumiaji inapoingiliwa. Kwenye ARM programu inaandika TPIDR_EL0 bila kumuomba mtu.

Kwenye x86-64 besi ya FS ni rejista maalumu ya chipu, namba 0xC0000100, na amri ya kuiandika, wrmsr, imefungiwa keneli. Kwa hiyo njia ya kawaida ni wito wa mfumo, yaani programu kuiomba keneli iiandikie. Chipu za Intel za kizazi cha Ivy Bridge, 2012, zilileta amri wrfsbase ambayo programu inaweza kuitumia yenyewe, lakini keneli lazima kwanza ifungue biti ya 16 ya CR4, rejista ya udhibiti wa chipu. Linux ilifungua mwaka 2020, toleo 5.9. Miaka minane! Sababu si uvivu. Ukishamruhusu mtumiaji kubadilisha besi nyuma ya mgongo wako, nakala uliyoitunza haiaminiki tena, inabidi usome chipu kila unapobadilisha zamu. Na amri za GS zinakuja kwenye kifurushi hichohicho: baadhi ya milango ya kuingilia keneli ilikuwa ikitambua “nimetoka wapi” kwa kutazama kama besi ya GS ni hasi. Mtumiaji akiweza kuweka hasi mwenyewe, mlango unadanganywa.

Ushauri wangu: anza na wito wa mfumo. Uzi wa kawaida huandika besi mara moja katika uhai wake wote, hivyo kasi ya kuandika si hoja. Mengi tunayojaribia ni kompyuta za mtumba, na nyingine ni za kabla ya 2012. Wito wa mfumo unafanya kazi kwenye zote, wakati wrfsbase inataka kwanza uulize CPUID, amri ya kujua chipu inaweza nini, ukurasa wa 7, biti ya 0 ya EBX.

Hesabu hubadilika ukijenga nyuzi nyepesi, zile ambazo programu inazibadilishia zamu yenyewe juu ya nyuzi chache za keneli. Kila nyuzi nyepesi ikitaka hifadhi yake, kila kubadilisha zamu ni kuandika besi. Ukipita keneli kila mara, umeitupa faida yote uliyoijengea nyuzi nyepesi. Hapo wrfsbase inajilipia. Ila jihadhari na kompaila: inaweza kukokotoa anwani ya kigeu cha uzi mara moja mwanzoni mwa funksheni na kuitumia hadi mwisho, bila kujua kwamba katikati ulimpisha mwenzako na umeamka juu ya uzi mwingine wa keneli. Hitilafu ya namna hiyo haianguki, inaandika tu kwenye daftari la jirani.

Mtego mmoja wa nyongeza tuliokanyaga: keneli yetu ilikuwa ikirudisha besi, kisha ikipakia upya kiteuzi cha FS, namba inayochagua mstari kwenye jedwali la chipu. Kupakia kiteuzi huchukua besi kutoka kwenye jedwali, na yetu pale ilikuwa sifuri. Vigeu vilikuwa salama hadi zamu ya kwanza, halafu int ya mwisho ikawa inatafutwa kwenye 0xfffffffffffffffc, yaani sifuri toa nne. Kiteuzi kwanza, besi baadaye. Ukiona anwani za namna hiyo za mwisho kabisa wa kumbukumbu, usipekue msimbo wa programu, nenda kwenye kubadilisha zamu.

Kigeu, ufunguo, au mkononi

Kwa anayeandika programu, si mfumo, uchaguzi ni mwingine. Kigeu cha thread_local ndani ya programu kuu husomwa kwa amri moja ya chipu: FS toa kitu. Ufunguo wa POSIX (kiwango cha mifumo ya aina ya Unix), unaoundwa kwa pthread_key_create, ni wito wa funksheni na kuingia jedwalini. Funguo pia zina kikomo: POSIX inahakikisha 128, na kati ya maktaba za C za Linux, musl inatoa hizohizo 128, glibc 1,024.

Kwa nini basi funguo bado zipo? Kwa sababu ya mauti. Ufunguo unaweza kuambatana na funksheni ya usafishaji ambayo huitwa uzi unapokufa, na thread_local ya C haina kitu hicho; C++ ndiyo inayo. Kama kila uzi umeshika muunganisho wa hifadhidata au faili wazi, tumia ufunguo, ukikumbuka kwamba mpangilio wa kusafisha kati ya funguo hauna ahadi, na usafishaji mmoja ukijaza tena ufunguo mwingine, mfumo utazunguka mara chache, nne kwenye glibc, halafu uache. Tulichofanya sisi ni kuchanganya: pointa iko kwenye thread_local kwa ajili ya kasi, na ufunguo mmoja upo kwa ajili ya usafishaji tu. Kazi mbili, ndiyo, lakini kila kimoja kinafanya anachokiweza.

Jambo ambalo watu husahau ni ukubwa. Bafa ya MB 1 iliyotangazwa thread_local inaonekana haina hatia. Kwenye seva yenye nyuzi 200 umeshaahidi MB 200, hata kwa nyuzi ambazo hazitaigusa kamwe. Weka pointa, tenga unapohitaji.

Njia ya tatu ni kutokutumia hifadhi ya uzi kabisa: pitisha muktadha mkononi, hoja ya kwanza ya kila funksheni. Waandishi wa Go waliamua hivyo makusudi, gorutini, nyuzi nyepesi za Go, hazina hifadhi ya kwao. Inachosha kuandika, saini za funksheni zinarefuka, lakini kazi ikianza kwenye uzi mmoja na kumalizikia kwingine hakuna kinachopotea. Kwa ombi la mteja, mtumiaji aliyeingia, lugha aliyochagua, ningepitisha mkononi bila kufikiri mara mbili. Kwa errno, hesabu za kitenga kumbukumbu na mbegu ya namba nasibu, kigeu.

Maktaba inayokuja baadaye

Hapa ndipo kasi ya amri moja inapokwisha. Maktaba iliyopakiwa wakati programu inaendelea haijui vigeu vyake vitakuwa umbali gani na FS. Kwa kawaida kompaila huiandikia wito wa __tls_get_addr kila inapotaka kigeu. Unaweza kuilazimisha itumie njia ya haraka, inayodhani nafasi ilishatengwa mwanzoni, lakini basi inakula akiba ndogo iliyobaki kwenye kipande cha tuli, na ikiisha, dlopen, wito wa kupakia maktaba, inakataa. Wengi wamekutana na katazo hilo wakipakia maktaba kubwa ndani ya Python na hawakujua lilikotoka.

Simu za Android zilichukua njia nyingine kwa muda mrefu: kabla ya Android 10, kiwango cha API 29, kompaila ilikuwa ikiigiza vigeu vya uzi juu ya funguo za POSIX. Vinafanya kazi, vinaenda polepole. Ukiandika maktaba ya simu ambazo wateja wetu wengi wanazo mikononi, usidhani ile amri moja unayoiona kwenye kompyuta yako ipo na kule.

Swali la mwisho tulilogombania ni lini utenge. glibc hungoja: kipande cha maktaba mpya hutengwa siku uzi unapokigusa mara ya kwanza. Inaokoa kumbukumbu, ila kumbukumbu ikiwa imekwisha siku hiyo, hakuna pa kurudishia kosa, maana kusoma kigeu hakurudishi kosa. Programu inauawa papo hapo. musl hutenga kwa nyuzi zote zilizo hai wakati wa dlopen, na ikikosa, dlopen yenyewe inashindwa na mwandishi anaweza kuamua la kufanya. Kwa vifaa vyetu vyenye kumbukumbu haba nilitetea musl, nikashinda kwa kura tatu kwa moja. Pia tumeiga jambo lake la pili: dlclose yetu, wito wa kuondoa maktaba, haifanyi chochote, maktaba ikiingia haitoki, na hivyo hakuna kipande cha uzi cha kukusanya tena. Mwenzetu wa Bombo, aliyepiga ile kura moja, ameandika kwenye msimbo maoni ya mistari sita kuhusu uamuzi huo, na tumekubaliana yabaki.